Sio kila damu ni vijiti

Juzi nimepanda daladala pale Kabwe naelekea Uyole, siti ya nyuma yangu mdada kapakata kachanga anamwambia mwenzake huu mwezi wa tatu tangu ajifungue na damu haikati. Mwenzake wala hakushtuka: "Vijiti hivyo vya uzazi wa mpango, mwili utavizoea." Nikataka kugeuka, nikaona noma, akashuka Nanenane. Mjinga mimi.

Wifi yangu naye aliambiwa vijiti. Alijifungua salama, kondo likatoka zima, ila wiki ya nane damu inakuja inakata inarudi. Akatolewa vijiti, damu ipo palepale. Ikawa maambukizi, akapewa antibiotiki. Akaanza kukohoa, na Mbeya hii ya Juni nani anashangaa kikohozi, wakapima makohozi TB hamna, basi, dawa ya kifua, nenda nyumbani. Mpaka nesi mmoja mtu mzima akamwambia mwanangu hebu kojoa humu. Mistari miwili, imekolea hiyo.

Kimbembe sasa. Kaka yangu dereva wa malori njia ya Zambia, hajakanyaga nyumbani tangu mtoto ana wiki mbili, na mama alishafika kutoka Tukuyu na mikungu yake ya ndizi kuja kulea mzazi. Yaliyosemwa jikoni siyaandiki hapa.

Haikuwa mimba. Ni koriokasinoma, kansa ya chembe za kondo, inatoa homoni ileile ya mimba na inapenda kukimbilia mapafuni, ndo kile kikohozi. Wengi wanaijua kwa mimba zabibu tu, ile kondo linaota vivimbe kama zabibu badala ya mimba ya kawaida, kumbe kama robo ya wanaougua inawapata baada ya kuzaa kawaida kabisa.

Haya, ni adimu, nesi anaweza kustaafu hajaiona, na foleni zetu nazijua. Na kuna uvimbe mwingine wa palepale kondo lilipokuwa, homoni yake kiduchu mpaka mkojo unaweza usionyeshe kitu. Sawa. Lakini jamani kipimo cha mimba! Kijikaratasi kinachouzwa kila duka la dawa! Ukishazaa homoni ile inatakiwa iishe ndani ya wiki chache, sasa mtu kavuka arobaini bado anatoka damu, unashindwaje kumwambia akojoe? Mistari ikiwa miwili apigwe ultrasound, homoni ihesabiwe kwenye damu, kifua kipigwe eksirei, sio kumpongeza eti kabeba nyingine. Na ugonjwa wenyewe unatibika hata ukishafika mapafuni, Marekani walianza kuuponya kwa dawa ya kemo inayoitwa metotreksati mwaka 1956, yaani mama yangu hajazaliwa, halafu huku tunabishana na vijiti.

Wifi alipelekwa Dar, akapigwa dripu za kemo, nywele zote kwisha, homoni ikashuka mpaka haionekani. Mwaka wa pili huu, bado anapima.

Mama hajawahi kuomba msamaha. Ila kila mwisho wa mwezi basi la Tukuyu linaleta mkungu, na jina lililoandikwa pale ni la wifi, sio la kaka.