Barua Iliyofichwa Chini ya Begi

Mtoto wa miaka minane anaikunja barua ya safari ya shule mara nne, anaisukuma chini kabisa ya begi. Mama akiikuta wiki mbili baadaye na kumuuliza, anajibu kwamba safari yenyewe haimvutii. Wengi tungemsifu: mtoto mwelewa, hana makuu. Kumbe ameshapiga hesabu ya pesa za nyumbani peke yake, na ameamua nani asisumbuliwe.

Wapo wanaoshikilia kwamba habari za mwenye nacho na asiye nacho zisimfikie mtoto mapema. Mwacheni mtoto awe mtoto, wanasema. Naiheshimu hoja hiyo. Mtoto anayetajiwa kila deni la nyumba hulala na hofu asizoweza kuzifanyia lolote.

Ila hoja hiyo inadhani mtoto hajui. Mwaka 1981 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Leahy, alichapisha utafiti uliohoji watoto na vijana 720, wa miaka 6, 11, 14 na 17. Wadogo walimweleza tajiri na maskini kwa vitu vyao na mwonekano wao. Kadiri umri ulivyopanda, maelezo yalihamia kwenye tabia na fikra za mtu.

Mpito huo ndio unaoninyima raha. Wa miaka sita anaona kiatu kilichotoboka, basi. Miaka michache baadaye kiatu kilekile kimekuwa ushahidi dhidi ya anayekivaa: kwao hawajitumi, hawajui kujipanga. Nani alimfundisha? Mara nyingi hakuna. Aliuliza, akaambiwa anyamaze, si adabu. Akabaki kutafuta jibu mwenyewe, na lililo karibu ni lile analolisikia darasani kila siku: anayejitahidi hupata, mvivu hukosa. Mwenye viatu vizuri jibu hilo linamstarehesha. Mwenye kiatu kilichotoboka linamlazimisha kumhukumu mzazi wake, yuleyule anayemsikia akifungua mlango alfajiri na kurudi usiku akiwa hoi.

Kwa hiyo ukimya hauwalindi watoto wote sawasawa. Wa nyumba yenye uwezo anaweza kukaa miaka mingi bila kujua, na hilo likaitwa utoto. Mwenzake hana nafasi hiyo; anajua siku ya kwanza anapokataa kumkaribisha rafiki nyumbani.

Wala kusema hakuhitaji somo la uchumi. Mtoto hana haja ya kujua kiasi cha deni. Anahitaji kujua kwamba mtu anaweza kufanya kazi sana na bado akalipwa kidogo, na kwamba kosa si la mama wala lake. Yule wa barua angeweza kuambiwa hivi tu: "Mwezi huu hela ya safari haipo. Lakini barua niletee, mwanangu. Kuhesabu pesa ni kazi yangu mimi."