Hundi ya Gawio Ikiisha Muda, Deni Bado Lipo

Benki za Kenya hazipokei hundi iliyopitisha miezi sita tangu tarehe iliyoandikwa. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na kampuni zinazomwacha mwenye hisa akiishika karatasi hiyo huku akiamini pesa zake zimepotea.

Hazijapotea. Gawio, yaani fungu la faida ambalo kampuni huwagawia wenye hisa, likishapitishwa kwenye mkutano mkuu, kampuni inadaiwa. Hundi ikiisha muda, irudishe kwa msajili wa hisa, anayeitunzia kampuni daftari la wenye hisa, pamoja na barua, nakala ya kitambulisho na nambari ya akaunti yako ya CDS, ile inayotunza hisa zako kielektroniki. Utaandikiwa nyingine, au uombe pesa ziingie benki au kwenye M-Pesa.

Kwa maneno ni rahisi. Lakini kumbuka hisa hizi zilivyonunuliwa. Serikali ilipouza hisa zake za Safaricom mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila moja, kima cha chini kilikuwa hisa 2,000, na watu walipanga foleni, wengine kwa pesa za mkopo. Kwenye fomu za hisa za miaka ile mtu alijaza anwani aliyokuwa nayo: sanduku la posta la shule, la kanisa, la mwajiri. Baadaye akahamishwa au akastaafu, sanduku likabaki.

Mwalimu mmoja mstaafu alinionyesha hundi ya kampuni nyingine iliyokaa kwenye droo ya karani wa shule aliyofundisha zamani. Bahasha ya dirisha, kingo zimegeuka kahawia, ndani shilingi mia tatu na kitu, kodi ya asilimia 5 imeshakatwa. Nauli ya kwenda na kurudi Nairobi inazidi pesa hizo. Ni nani atakayemlaumu akiziacha?

Na akifa, mambo yanakuwa mazito zaidi. Watoto wanatakiwa waonyeshe hati za mirathi kwa pesa isiyotosha hata kulipia nakala za hati zenyewe.

Gawio lililokaa muda mrefu bila kudaiwa kampuni hulipeleka UFAA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2011 kutunza mali za kifedha zisizodaiwa. Piga *361# uangalie jina lako, na la marehemu wazazi wako pia. Kudai hakutozwi ada. Ukiambiwa na mtu umlipe kwanza ndipo akusaidie, achana naye.

Hata hivyo UFAA isiwe mahali pa kampuni kutupia kazi ambayo ni yake. Kwenye daftari la wenye hisa mna nambari za vitambulisho, na kwa wengi mna nambari za simu pia. Kampuni inayojua kunitumia ujumbe wa ofa kila wiki inaweza kunitumia mmoja kuniambia hundi yangu haijalipwa na inakaribia kuisha muda. Mkutano mkuu ujao nitaomba kipaza sauti niwaulize wakurugenzi ni hundi ngapi zimerudi mwaka huu, na ni wenye hisa wangapi waliopigiwa simu.