Kabla ya kuhamia Buffalo, uliza nyumba ilijengwa lini

Kuna picha inazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp tangu mwezi uliopita, na kila ikinifikia damu inanichemka. Ni jedwali la miji ya Marekani, na Buffalo, New York, imewekewa alama ya vema. Wakazi 278,349. Kipato cha kaya takriban dola 48,000 kwa mwaka. Thamani ya nyumba karibu nusu ya ile ya nchi nzima. Chini yake mtu kaandika kwa herufi kubwa: KODI RAHISI, KAZI ZIPO, NDUGU HAMIENI.

Nambari hizo ni za Sensa na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni kwamba watu wanafungasha mizigo kwa sababu yake. Wiki iliyopita dada mmoja kanipigia kutoka Phoenix. Ana watoto sita, mumewe anafanya shifti ya usiku kwenye ghala, na tayari wameshamwambia mwenye nyumba wao kwamba mwisho wa mwezi wanaondoka. Nilipomuuliza nyumba wanayokuja kupanga iko mtaa gani na ilijengwa mwaka gani, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza mwaka wa nyumba una kazi gani.

Una kazi kubwa kuliko kila kitu kilichomo kwenye lile jedwali, maana ndio unaokuambia kama kuta na madirisha yanaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, sumu inayoharibu ubongo wa mtoto.

Nianze na mji wenyewe. Mwaka 1950 Buffalo ilikuwa na watu 580,132. Mfereji wa Erie ulifunguliwa mwaka 1825, ngano nyingi ya nchi ikawa inapita hapa, vikafuata viwanda vya chuma, na Lackawanna pale jirani kukawa na kiwanda kilichoajiri maelfu kwa maelfu. Halafu mwaka 1959 ikafunguliwa njia ya meli ya mto St. Lawrence inayozipeleka meli moja kwa moja baharini, meli za ngano zikawa haziihitaji tena Buffalo. Miaka ya themanini mwanzoni tanuri za chuma zikazimwa. Watu wakaondoka kizazi baada ya kizazi, hadi mwaka 2010 wakabaki 261,310. Hesabu ya 2020 ndiyo ya kwanza katika miaka sabini kuonyesha mji umeongezeka. Waliouongeza ni akina nani? Watu wa Burma, Wasomali, Wabhutani, Wabangladeshi waliohama kutoka jiji la New York, na sisi tuliotoka Kivu, mashariki mwa Kongo, kupitia Nyarugusu, Nakivale na kambi nyingine za wakimbizi. Pita Grant Street Jumamosi asubuhi utasikia Kiswahili kuanzia kituo cha basi mpaka duka la samaki. Maduka yaliyokuwa yamepigwa mbao madirishani sasa yana taa. Hilo ninalisema kwa fahari, na wanasiasa wanaosimama mbele ya kamera kujisifu kwamba mji umefufuka wangepaswa kututaja.

Lakini fikiria maana ya mji uliojengwa kwa ajili ya watu zaidi ya nusu milioni, kisha ukabaki na nusu yao. Nyumba zilibaki zilezile. Zaidi ya nusu ya nyumba za Buffalo zilijengwa kabla ya mwaka 1940. Ni zile nyumba za mbao za ghorofa mbili, familia moja juu na nyingine chini, zenye baraza mbele na ngazi za mbao nyuma, ambazo babu za Wapolandi na Waitaliano walizijenga walipokuja kufanya kazi kwenye ngano na chuma. Bei yake ni ndogo kwa sababu watu waliondoka na pesa za kuzitunza zikaondoka nao. Ule urahisi na ule uzee ni mama mmoja baba mmoja, na jedwali limetaja mmoja tu.

Marekani ilipiga marufuku rangi ya nyumba yenye madini ya risasi mwaka 1978. Kwa hiyo nyumba ya mwaka 1915 imepakwa rangi ya risasi kwa zaidi ya miaka sitini, tabaka juu ya tabaka. Mwenye nyumba akitaka kupangisha, anapaka nyeupe mpya juu yake kwa siku moja, chumba kinang'aa, familia inaingia inamshukuru Mungu.

Mimi ni mkalimani. Nimekaa kwenye vyumba vya zahanati nikatafsiri majibu ya damu ya watoto zaidi ya nilivyowahi kutaka. Ninayemkumbuka zaidi ni mama mmoja wa Uvira, mwenye mtoto wa kiume ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaanza kukimbia. Majibu ya damu yalikuwa yametoka na kiwango kikubwa cha risasi. Muuguzi alipokwenda nyumbani kukagua, nami nilikwenda. Nyumba ilikuwa safi, safi kabisa. Yule mama alikuwa akifagia asubuhi na jioni, kama alivyolelewa. Muuguzi akaenda moja kwa moja dirishani. Yalikuwa yale madirisha ya mbao ya kusukuma juu na chini. Akalifungua, akalifunga, akapitisha kitambaa chenye maji kwenye kizingiti. Kitambaa kilitoka na unga wa kijivu. Kila dirisha linapopandishwa, mbao zinasuguana, rangi ya zamani inasagika, unga unatua kizingitini na sakafuni. Mtoto anasimama pale akishika kizingiti aangalie magari, kisha anatia vidole mdomoni. Na ule ufagio mkavu wa asubuhi na jioni ulikuwa unainua unga na kuusambaza chumba kizima.

Mama akaniangalia mimi, hakumwangalia muuguzi. "Dada, mimi ndiye nimemlisha mwanangu sumu?"

Nilimwambia hapana, mama, si wewe. Na mpaka leo naandika kwa sababu ya swali lile. Huyu mwanamke alitoroka vita na mtoto tumboni, alipita kambi, aliulizwa maswali na kila aina ya ofisa, alisaini kila karatasi aliyopewa. Kati ya karatasi zote hizo, iliyohusu risasi ilikuwepo pia. Sheria ya nchi inamtaka mwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978 atoe taarifa ya maandishi kuhusu rangi ya risasi pamoja na kijitabu cha maelezo kabla mpangaji hajasaini. Alipewa kwa Kiingereza, katikati ya rundo, akaonyeshwa pa kutia saini. Hakuna aliyemsomea.

Risasi haimwangushi mtoto kwa homa ukakimbilia hospitali. Anacheza, anakula, anacheka. Baadaye shuleni anachelewa kusoma, hatulii kitini, mwalimu anaandika barua nyumbani kwamba mtoto ni msumbufu. Madaktari wa nchi hii wanasema waziwazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kilicho salama kwa mtoto, na madhara ya ubongo hayarudishwi. Wakati mwingine inaua kabisa. Mwaka 2000, huko Manchester, New Hampshire, mtoto wa kike wa miaka 2 wa familia ya wakimbizi wa Sudan alikufa kwa sumu ya risasi wiki chache baada ya kufika Marekani. Ndiyo maana mwongozo wa afya kwa wakimbizi unataka watoto wapimwe wanapofika, na wadogo wapimwe tena baada ya miezi 3 hadi 6, kwa sababu wengi huipata risasi hapahapa, ndani ya nyumba walizopangiwa.

Na hili linazuilika. Rochester, mji jirani wenye nyumba kuukuu kama zetu, ulipitisha sheria mwaka 2005 kwamba nyumba ya kupangisha ikaguliwe risasi kabla ya kupewa cheti. Idadi ya watoto wenye sumu ilishuka sana. Buffalo ikangoja mpaka 2020 kupitisha sheria yake ya ukaguzi wa nyumba za kupanga, na ukaguzi wenyewe ukaenda polepole mno. Miaka kumi na mitano. Hesabu mwenyewe ni watoto wangapi walizaliwa, wakatambaa na kuanza shule katika miaka hiyo, kwenye sakafu ambazo hakuna aliyezikagua.

Nije kwenye kipato, maana hapo pia watu wanajidanganya. Dola 48,000 ni kipato cha kati cha kaya: nusu ya kaya zinapata zaidi ya hapo, nusu zinapata pungufu. Kaya ya kawaida ya Buffalo ni watu wawili, wawili na kidogo. Nyumba ya yule dada wa Phoenix ina watu wanane. Mwaka 2024 mstari wa umaskini wa serikali kwa kaya ya watu wanane ulikuwa dola 52,720. Maana yake familia ile ikija hapa ikapata kipato kilekile kinachosifiwa kwenye picha, bado serikali yenyewe inaihesabu kuwa maskini. Na kukipata si kazi ndogo: kima cha chini cha mshahara upande huu wa jimbo mwaka 2025 kilikuwa dola 15.50 kwa saa, kwa hiyo mtu mmoja akifanya saa 40 kila wiki bila kuumwa wala kukosa zamu alikuwa anafikisha dola 32,240 kabla ya kodi ya serikali. Zaidi ya robo ya wakazi wa mji huu wako chini ya mstari wa umaskini. Zaidi ya nusu ya kaya ni za wapangaji, na hao ndio wenye kipato cha chini. Ile nambari ya katikati imemchanganya mpangaji na mwenye nyumba wake, ikatoka sura ambayo si ya yeyote kati yao.

Ukitazama rangi za watu ni hivyo hivyo. Jedwali litakuambia Weusi ni takriban thuluthi moja, Weupe hawafiki nusu, na utadhani ni mji wa mchanganyiko. Vuka Main Street kwa miguu uone. Mashariki ya barabara hiyo ndiko wanakoishi Wamarekani Weusi walio wengi, na ndiko barabara kuu ya Kensington ilikopasua Humboldt Parkway, iliyokuwa njia ya miti iliyobuniwa na Olmsted, yule mbunifu maarufu wa bustani, ikazika mtaa mzima chini ya magari. Yule muuaji wa tarehe 14 Mei 2022, aliyewaua watu Weusi 10 kwenye duka la vyakula la Jefferson Avenue, alijua kabisa awakute wapi. Mtaa ulikuwa na duka kubwa moja tu la vyakula. Na dhoruba ya theluji ya Desemba mwaka huohuo ilipopita, wengi wa waliokufa ndani ya jiji walikuwa Weusi. Nyumba isiyoshika joto na mtaa ambao katapila la theluji linafika mwisho, hayo hayana safu kwenye jedwali.

Haya, nikubali linalokubalika. Kuna Wakongomani ninaowafahamu walionunua nyumba hapa kwa mshahara wa kiwandani, jambo ambalo Boston wasingeliota. Wakabadilisha madirisha, wakafunika rangi kwa utaratibu unaotakiwa, leo wanapangisha ghorofa ya juu kwa familia nyingine ya kwetu. Sheria za jimbo la New York pia zinamlinda mpangaji kuliko majimbo mengi: tangu 2019 mwenye nyumba haruhusiwi kudai dhamana inayozidi kodi ya mwezi mmoja, na ada ya kuchunguza historia yako kabla ya kukupangisha haipiti dola 20. Wapo bado wanaodai miezi mitatu kwa mgeni asiyejua. Kwa hiyo simwambii mtu asije. Mama yangu mwenyewe anaishi hapa na hataki kusikia habari ya kuhama.

Ninachomwambia yule dada, na kila atakayepiga simu baada yake, ni hiki. Uliza nyumba ilijengwa mwaka gani kabla hujauliza kodi. Ikiwa ni kabla ya 1978, dai ile taarifa ya risasi, uipige picha umtumie mtu akusomee neno kwa neno kabla hujasaini. Ukifika, fungua kila dirisha ulitazame kizingiti. Futa kwa kitambaa chenye maji, acha ufagio mkavu. Usiwaache watoto wachezee udongo ulio chini ya ukuta wa nje, rangi imebanduka ikadondoka pale miaka mingi. Sheria ya jimbo inataka kila mtoto apimwe risasi akiwa na mwaka 1 na tena akiwa na miaka 2. Daktari asipotaja, taja wewe. Na mtoto akikutwa nayo, usimfiche kwa kuogopa kufukuzwa. Mwenye nyumba haruhusiwi kukulipizia kisasi kwa sababu umeita mkaguzi.

Na sisi ambao tuko hapa tayari, wenye uraia na kura, tuna kazi yetu. Ukaguzi hautaongeza kasi kwa sababu tumelalamika kwenye sauti za WhatsApp. Baraza la mji linakutana City Hall, ghorofa ya 13, na anayeishi kwenye nyumba hizi ndiye anayepaswa kusikika pale. Anayetaka kusema lakini Kiingereza kinamsumbua aniandikie siku mbili kabla. Nitapanda naye na nitamtafsiria, bila malipo.