Waliomtangulia Jane Austen

Mwaka 1796, binti wa kasisi wa kijiji cha Steventon, Uingereza, alilipia mapema nakala ya Camilla, riwaya mpya ya Frances Burney, na jina lake likachapishwa kitabuni pamoja na ya wachangiaji wengine. Alikuwa na miaka 20. Leo sura ya binti huyo, Jane Austen, imo kwenye noti ya pauni 10, naye Burney hasomwi sana nje ya vyuo vikuu.

Wapo wanaosema ni haki, wakati umechuja. Hoja yao ina uzito. Cecilia, riwaya ya Burney ya 1782, ina juzuu tano, masaibu juu ya masaibu, na mara nyingi mwandishi anatuhubiria. Austen humwacha mhusika ajianike mwenyewe kwa maneno yake. Hapo amewapita wote.

Lakini tazama kisa chenyewe. Katika Cecilia, familia yenye jina la kale inamkataa msichana kwa sababu wasia wa mjomba wake unataka atakayemwoa achukue jina la ukoo wa mke. Mwishoni daktari anasema chanzo cha masaibu yote ni “pride and prejudice”, kiburi na kuhukumu kabla ya kujua, na maneno hayo yamechapwa kwa herufi kubwa mara tatu. Mwaka 1813 Austen akatoa riwaya kwa jina hilohilo. Msemo ulikuwapo kabla ya Burney, kwa hiyo anayedai wizi anazidisha chumvi. Hata hivyo, katika riwaya hiyo ya Austen, dada wa mama yake Darcy, bwana tajiri, anapokuja kumshinikiza Elizabeth asiolewe na mpwa wake huyo, mimi humwona yule mama katika Cecilia aliyemsihi msichana aachane na mwanawe.

Austen mwenyewe hakuficha deni. Katika riwaya yake Northanger Abbey anazitaja Cecilia, Camilla na Belinda ya Maria Edgeworth, na kuzitetea waziwazi. Wala hawakuwa waandishi wa pembeni: Ann Radcliffe, mwandishi mwingine wa kike wa wakati huo, alilipwa pauni 500 kwa riwaya moja mwaka 1794, wakati Austen alipouza mswada kwa mara ya kwanza, mwaka 1803, alipata pauni 10.

Basi nani aliyewasahau? Kwangu, lawama kubwa ni ya wanahistoria wa fasihi, maana kitabu kisichofundishwa hakipati nafasi ya kuchujwa na wakati. Mwaka 1957 Ian Watt, mhakiki wa fasihi, alieleza katika kitabu chake chimbuko la riwaya ya Kiingereza kupitia wanaume watatu: Defoe, Richardson na Fielding. Katika kitabu hichohicho alikiri kwamba riwaya nyingi za karne ya 18 ziliandikwa na wanawake.