Mbwa Ana Masharti, Mimi Nina Viporo

Zamani kulikuwa na utaratibu. Watu wakila wakashiba, kilichobaki kilikuwa na njia yake: makombo kwa mbwa, ukoko kwa aliyechelewa kufika mezani. Hakuna aliyeitisha kikao. Mbwa alikula, akatikisa mkia, akalala. Nyumbani kwangu utaratibu huo umekufa, na aliyeachiwa urithi ni mimi.

Yalianza na kitunguu. Simba, mbwa wetu (jina hilo tulimpa akiwa mdogo, kabla hatujajua kwamba anaogopa radi, ufagio na paka), aliumwa tumbo tukampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akauliza anakula nini. Nikajibu kwa kujivuna: "Tunachokula sisi." Daktari akavua miwani. Ndugu yangu, ukimwona daktari anavua miwani, tafuta kiti ukae.

Akaanza kutaja. Vitunguu, saumu zikiwemo, viwe vibichi, viwe vimepikwa, viwe unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Paka ndiye hudhurika upesi zaidi. Zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kumwua mbwa figo. Chokoleti ni sumu. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vyenye ncha, vikamtoboa utumbo. Daktari anataja, mama watoto anaandika, mimi nimeinamisha kichwa natafuta chakula kimoja kinachopikwa kwetu bila kitunguu. Nikapata chai. Nikauliza kuhusu chai. Nayo hapana.

Hilo lingeishia hapo tungetupa makombo kwenye ndoo, maisha yakaendelea. Lakini wiki hiyo hiyo mama watoto akasoma habari za ripoti ya 2024 ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP. Kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na katika kila kilo 10, kilo 6 zilitoka majumbani. Si hotelini, si dukani. Majumbani, kwa watu kama mimi. Ukigawa, kila mtu anatupa kilo 79 kwa mwaka akiwa kwake tu. Mara ya mwisho kupanda mizani nilikuwa na kilo 78. Yaani kila mwaka kila mtu anamchukua mtu mzima kama mimi, anamvisha viatu, anamtupa jalalani.

Mama watoto akaandika namba ile kwa kalamu nyekundu, akaibandika mlangoni mwa friji, akatangaza: "Kuanzia leo nyumba hii haitupi kitu."

Sasa nisaidieni hesabu. Chakula hakitupwi. Mbwa haruhusiwi kukila. Paka hakitaki. Watoto wana kazi ya shule. Amebaki nani?

Wahenga walisema mla ni mla leo, mla jana kala nini. Kwetu mla leo anakula kile kile alichokula mla jana, kimebadilishwa jina tu. Jumapili tulikula kuku wa kuoka. Jumatatu akarudi akiwa vipande ndani ya wali. Jumanne mifupa yake ikachemshwa nusu siku pamoja na maganda ya karoti na vichwa vya vitunguu, ikawa supu. Jumatano supu ikaungwa na maharage. Kufikia hapo nilikuwa nimeshamzoea yule kuku kama ndugu, nikimwona namwamkia. Supu iliyozidi ikagandishwa kwenye trei ya barafu, jambo ambalo hakuna aliyeniambia. Nililigundua siku ya joto kali, nilipotia vipande viwili kwenye glasi ya juisi ya nanasi. Nikanywa funda moja. Nikatazama ndani ya glasi. Kuku alikuwa anaelea.

Nikitaka kusema kweli, na nasema kwa sauti ya chini kwa kuwa yuko chumba cha pili, mwanamke yule anajua kazi yake. Mkate uliokauka anausaga anakaangia samaki. Ndizi zilizokuwa nyeusi mpaka nilidhani zimefiwa aliziponda akazioka keki, tukagombania kipande cha mwisho. Viazi na vitunguu amevitenganisha, kila kimoja na kikapu chake, kwa sababu vikilala pamoja viazi huchipua haraka. Ndizi nazo hazikai karibu na matunda mengine, maana zinatoa hewa inayoyaivisha mapema. Ukiingia jikoni kwetu utadhani ni mkutano wa usuluhishi wa ndoa, kila mtu amewekwa kona yake.

Mayai anayatia majini. Linalolala chini kwa ubavu ni jipya, linalosimama wima limezeeka, linaloelea limezeeka zaidi, hilo hulivunja kwenye kikombe cha pembeni alinuse kwanza. Ganda la yai lina vitundu vidogo mno, maji ya ndani hupotea polepole na hewa ikachukua nafasi. Nilipoambiwa hivyo nilijitazama kwenye kioo. Mimi nami nadhani majini ningesimama wima.

Ugomvi wetu mkubwa ni wali. Mimi nimekua nikijua kwamba wali unalala kwenye sufuria, sufuria inalala jikoni, asubuhi unaupasha moto unakula na chai. Kiporo cha wali kina ladha ambayo wali mbichi wa jana yake haukuwa nayo. Sasa sina ruhusa. Kuna bakteria, nikaambiwa, mbegu zake hazifi hata wali ukichemka. Wali ukikaa nje ukipoa zinaamka, zinazaliana, zinatoa sumu, na sumu hiyo ukiupasha moto mara kumi haiondoki. Hapo nilinyong'onyea. Maisha yangu yote nilidhani kupasha moto kunafuta dhambi zote.

Kwa hiyo sasa tuna sheria: chakula kilichopikwa hakikai mezani zaidi ya muda wa saa mbili, kinaingia friji, na friji isizidi nyuzijoto 4. Sheria nzuri, ila inatekelezwa kijeshi. Juzi amekuja rafiki yangu tuliyepotezana miaka mingi. Tunakula, tunacheka, tumefika pale anapokumbushia jinsi nilivyotumbukia mtoni na suruali mpya. Mama watoto akatazama saa, akasimama, akaanza kukusanya mabakuli. Mgeni bado anatafuna. Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea kwenye nyama, ukafika ukakuta meza tupu. Alibaki ameuning'iniza hewani kama mtu anayeomba kuuliza swali darasani.

Na ndani ya friji kila kopo lina kibandiko chenye tarehe, kazi ya binti yetu wa miaka tisa, ambaye ana mwandiko mzuri na moyo wa mkaguzi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kiporo kwetu ni siku mbili, ya tatu mpe baba, maana ya nne ndiyo mwisho. Nikirudi kazini simkuti mtu anayeniuliza nimeshindaje. Nakuta makopo matatu yamepangwa mezani, na mtoto ananiambia, "Haya yanaisha muda leo." Ile kilo 79 tusiyoitupa haikupotea, ndugu zangu. Nimeanza kuiona kiunoni.

Nimtaje na paka, maana nisipomtaja atajua. Anaitwa Malkia, na jina hili hatukukosea. Inasemekana paka walijisogeza kwa binadamu karibu miaka elfu kumi iliyopita, watu walipoanza kuhifadhi nafaka na panya wakaifuata. Yaani paka ndiye mlinzi wa kwanza wa akiba, afisa wa kwanza wa kuzuia upotevu wa chakula. Huyu wetu mshahara ameurithi, kazi kaiacha. Paka akiondoka panya hutawala, sawa, lakini wa kwetu hajaondoka. Yuko juu ya friji, macho wazi, na panya anapita chini na kipande cha mkate bila hata kukimbia.

Huyo kiporo hali. Samaki aliyemlilia jana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini, leo ukimwekea anamnusa, anakutazama, kisha anakwaruza sakafu kando ya sahani kama anayetaka kumzika. Keki haimbabaishi, kwani paka hawana uwezo wa kuonja utamu. Maziwa nayo yanawasumbua tumbo wengi wao wakishakua, kwa hiyo bakuli la maziwa ninaloliona kila siku kwenye picha za vitabu vya watoto nalo limefutwa. Anakula chakula chake tu, kipya, kwa saa yake. Hakuna aliyemwonyesha ile namba nyekundu mlangoni.

Basi, mwezi uliopita nilichelewa kurudi, njaa imenikamata mpaka naona giza. Wote wamelala. Nikafungua friji nikijua ninachokwenda kukutana nacho. Katikati ya makopo nikaona moja lenye herufi S na tarehe ya leo. Tarehe ya leo! Nilikuwa na miezi sijaiona tarehe ya leo ndani ya friji ile. S nikaisoma "shibe." Ndani kulikuwa na wali mweupe, laini, nyama ya kuku isiyo na mfupa hata mmoja, imechambuliwa kwa vidole kama ya mtoto mchanga, na karoti zilizokatwa sawasawa. Nikaketi. Chumvi ilikuwa haba, nikaongeza. Nikala polepole. Machozi yakanilenga. Nikasema kumbe mke wangu bado ananikumbuka.

Asubuhi nikamkumbatia, nikamshukuru kwa chakula. Akauliza chakula gani. Nikasema kile cha kopo la S. Kimya. Simba alikuwa amekaa mlangoni ananitazama, na hata mkia hakutikisa.

Kumbe daktari alikuwa ameruhusu: kidogo cha wali na kuku wa kuchemsha, bila chumvi, bila mafuta, bila kitunguu, awekewe juu ya chakula chake cha kawaida. Kwa hiyo kila jioni, jikoni mwangu, kwa gesi yangu, inapikwa sufuria mpya kwa ajili ya mbwa, na nyama inachambuliwa kwa vidole. Mimi wakati huo nakabidhiwa maharage ya Jumatano.

Nilifikiria kubadilisha vibandiko. Nakiri. Nilisimama mbele ya friji usiku, makopo mawili mkononi, hakuna anayeniona ila Malkia kule juu. Lakini kopo langu lilikuwa na kitunguu. Ningempa lile kopo, huenda ningemdhuru mnyama aliyenipokea kila jioni kwa furaha hata siku ambazo mimi mwenyewe nisingejipokea. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikafunga mlango. Kisha nikaufungua tena, nikachota kijiko kimoja tu cha S. Kesho yake viwili. Nilikuwa nasawazisha juu kwa kijiko ili kusionekane shimo.

Hawakusema kitu. Ila niliona sufuria ya mbwa imeongezeka ukubwa, na wiki iliyopita nilipofungua friji nikakuta kopo kubwa lenye kibandiko kipya, mwandiko ule ule mzuri: SIMBA NA BABA.

Nikaita kikao. Nikasema kula sufuria moja na mbwa sina neno, ila umeme wa friji hii nalipa mimi, na jina langu haliwezi kuja la pili. Binti akajibu kwamba wamefuata alfabeti. Nikamwambia B inatangulia S, uliza popote. Akafikiri kidogo, akamtazama mama yake, akamtazama Simba aliyekuwa chini akilamba bakuli lake mpaka linang'aa, halafu akaitazama sahani yangu.

"Simba habakizi," akasema.