Kifaru cha Miezi Sita, Kutu ya Miaka Thelathini

Kuna modeli ya Tiger I, kifaru kizito cha Ujerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, kipimo cha 1/35, inayosifiwa kila kona wiki hii. Kibao chake kinasema "Tunisia, Februari 1943". Kazi ya mikono ni safi kabisa: viungo havionekani, minyororo ya kutembelea imelala kwa uzito unaostahili, mishono ya kuchomelea imechongwa upya. Lakini bodi nzima imemezwa na kutu. Imechirizika kutoka kila bolti, imetafuna kingo za tareti, yaani kichwa kinachozunguka chenye mzinga, imeteremka ubavuni kama kwenye bati kuukuu. Hicho si kifaru cha Februari 1943. Hicho ni chuma chakavu kilichosahaulika uwanjani.

Tiger za kwanza zilishushwa Tunisia Novemba 1942, na tarehe 13 Mei 1943 vita vya Afrika Kaskazini vikawa vimekwisha. Maisha yote ya Tiger barani humo hayakuzidi miezi sita. Bamba lake la mbele lina unene wa milimita 100. Chuma cha namna hiyo, kilichopakwa praima nyekundu, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, na rangi nyingine juu yake, hakiozi kwa nusu mwaka. Kinachubuka, kinapauka, kinashika vumbi. Pale rangi ilipotoka hadi chuma kikabaki uchi, umande huleta utando mwembamba wa rangi ya chungwa, nao hugeuka kahawia iliyokoza. Basi. Michirizi mirefu inataka maji yapite njia ileile msimu baada ya msimu, na Tiger ya Tunisia haikuwa na misimu hiyo.

Kosa linaanzia kwenye picha tunazoziiga. Tunapenda picha za rangi, na nyingi kati ya hizo ni za vifaru vya makumbusho. Vile vya Aberdeen Proving Ground, uwanja wa jeshi wa majaribio ya silaha kule Maryland, Marekani, vilisimama nje kwa miongo mingi, mvua yao, theluji yao. Kutu iliyo kwenye picha hizo ni ya kweli, ila ni kutu ya kusimama, si ya kupigana. Hata Tiger 131, iliyotekwa Tunisia Aprili 1943 na sasa iko kwenye makumbusho ya vifaru ya Bovington, Uingereza, ilishapakwa rangi upya, kwa hiyo rangi yake ya leo si ushahidi wa rangi ya siku ile. Rudini kwenye picha za mwaka wenyewe, ingawa ni nyeusi na nyeupe, na mtazame vumbi limelala wapi na miguu ya askari imelifuta wapi.

Halafu kuna suala la kipimo, ambalo halisemwi vya kutosha. Kwa 1/35, milimita moja ya brashi yako ni milimita 35 za chuma. Mchubuko wa milimita 3 unaouona mdogo mezani ni jeraha la sentimita kumi na nusu kwenye kifaru halisi. Mchirizi wenye upana wa milimita 2 ni sentimita 7. Ni kitu gani kilichirizika kwa upana huo, tena kutoka kwenye kichwa cha bolti kisichofika upana huo?

Michubuko iwekwe mahali palipo na sababu: kingo za vifuniko, mahali pa kukanyaga, kona za madigadi, vishikio vya zana. Kata sponji kipande cha ukubwa wa njegere, chovya kwenye rangi, kisha igonge kwenye karatasi mpaka iwe karibu kavu kabla ya kugusa modeli. Anza na rangi ya msingi iliyopaushwa kidogo, kwa sababu mikwaruzo mingi haifiki mbali. Ndani ya michache tu, kwa brashi nyembamba sana, namba 000, weka kahawia iliyokoza. Kwenye vifaru vya Ujerumani kumbuka ile praima nyekundu: mkwaruzo wa wastani unaonyesha nyekundu, hauonyeshi fedha. Ukitumia dawa ya kupulizia nywele chini ya rangi ili rangi ikwanguke kirahisi, tabaka mbili nyepesi zinatosha, na rangi ya juu iwe ya akriliki, ile inayozimuliwa kwa maji, nyembamba. Lowesha kwa maji na ukwangue ndani ya saa moja au mbili. Ukiiacha hadi kesho au ukiipaka nene, haitoki, na ukilazimisha itang'oka bamba zima.

Sasa vumbi, maana hapo ndipo historia ilipo. Msimu kwanza. Desemba 1942 mvua na matope ndivyo vilivyosimamisha mbio za majeshi ya Washirika, maadui wa Ujerumani, kuelekea mji wa Tunis. Kwa hiyo Tiger ya Desemba au Januari ina tope zito chini na bodi iliyonyeshewa juu, na Tiger ya Aprili ina vumbi kavu lililopauka. Ukiandika mwezi kwenye kibao umeshachagua uchafu wako.

Kwa tope, changanya poda za rangi na plasta kidogo na akriliki isiyong'aa mpaka uji uwe mzito. Tabaka la kwanza liwe jepesi na kavu, lipande juu zaidi. La pili liwe jeusi kidogo na lenye unyevu, liishie chini ya la kwanza. Tope jipya hukaa karibu na ardhi, la zamani limekauka juu yake. Wengi hugeuza mpangilio huu na jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui kwa nini. Na tope la kifaru lifanane na udongo wa kitako ambacho modeli imesimama juu yake.

Vumbi linakuja mwisho kabisa, baada ya vanishi isiyong'aa. Ukipuliza vanishi juu ya poda, poda inanywa, inakuwa nyeusi, na kazi ya jioni nzima inapotea. Weka poda kavu kwa brashi laini kwenye pembe na sehemu za kulala, gusa kwa tone la spiriti nyeupe, ile ya kuzimulia rangi za mafuta, ukingoni ili ijisambaze yenyewe, usiisugue. Ikikauka itaonekana nyingi kupita kiasi. Hapo chukua brashi bapa yenye unyevu kidogo tu na uondoe. Ondoa kuzunguka vifuniko, mahali askari anapoweka mkono akijivuta nje, mahali buti linapotua. Karibu na vifuniko vya mafuta vumbi linanyonya mafuta na kung'aa kidogo. Tone moja la rangi ya mafuta ya kahawia lililozimuliwa linatosha. Doa hilo dogo, limezungukwa na vumbi lililokufa rangi, linaeleza zaidi kuliko michirizi arobaini ya kutu.

Spiriti ni ya kuiheshimu. Ikijaa inaacha pete zikikauka, na ikipenya kwenye plastiki isiyopakwa rangi, hasa mikono ya magurudumu iliyobanwa, plastiki inapasuka. Praima iingie kila upenyo kabla hujafungua chupa hiyo.

Minyororo nayo inapakwa rangi ya machungwa bila kufikiri. Ya Tiger ni ya chuma: msingi wake ni kahawia yenye kijivu, na unga wa penseli usuguliwe kwenye meno yanayouma ardhi. Magurudumu ya Tiger za mwanzo yalikuwa na tairi za mpira, kwa hiyo njia yao ndani ya mnyororo inalainika na kukoza, haing'ai kama fedha. Na tafadhali, Sherman, kifaru cha Marekani, yenye minyororo ya vipande vya mpira haioti kutu kwenye mpira. Vipande vya chuma vinavyouunganisha pembeni ndivyo vyenye haki hiyo.

Makosa mengine kwa kifupi: Zimmerit, ule udongo wa kuzuia mabomu ya sumaku yasigande, ilianza kupakwa baada ya vita vya Tunisia kuisha, kwa hiyo isiwepo. Magurudumu ya ukingo wa chuma ni ya 1944. Vichujio vya Feifel, vya kuchuja vumbi kwenye hewa ya injini, na mabomba yake nyuma, hivyo viwepo.

Nakubali, kutu ina mahali pake. Mabati membamba yanayokinga mabomba ya moshi ya Tiger yanaungua rangi kwa joto na kushika kutu mapema. Na kifaru kilichoungua ni habari nyingine kabisa: moto ukila rangi, chuma uchi kinageuka chungwa ndani ya siku chache. Lakini fanya hivyo kikamilifu. Mpira wa magurudumu uwe umeteketea, majivu meupe yazunguke ndani ya vifuniko, na bodi ikae chini, kwa sababu fito za msokoto zinazoibeba hupoteza ugumu kwenye moto. Kutu ya namna hiyo juu ya kifaru kilichosimama wima, tairi nzima, kamanda akichungulia kwa darubini, haiwezekani.

Anayetaka kutu kwa sababu anaipenda, modeli ni yake. Aondoe tu tarehe kwenye kibao.