Pemba inahitaji rada ya mvua kuliko Uholanzi

Mwenye karafuu juani anastahili kuiona mvua ikija kuliko mtu yeyote ninayemjua hapa Uholanzi. Nasema hivyo nikiwa Utrecht, mji ambao watu hawatoki mlangoni bila kuitupia jicho rada kwenye simu, na nikiwa mtoto wa Wete, Pemba, niliyekulia katika kuanika na kuanua.

Taasisi ya hali ya hewa ya nchi hii, KNMI, ina rada mbili tu za mvua: moja Den Helder, kaskazini, nyengine Herwijnen, katikati ya nchi. Mbili hizo zinaifunika nchi nzima. Kila baada ya dakika tano inatoka picha mpya, na takwimu zake ziko wazi kwa anayezitaka. Kwa takwimu za namna hiyo zimejengwa huduma kama Buienradar, ambayo hapa inajulikana na kila mtu. Unaandika jina la mji wako, unaona mabaka ya mvua yanavyosogea kwenye ramani, na chini yake mchoro wa saa mbili zijazo. Walimu wanaitazama kabla ya kuwatoa watoto uwanjani. Mafundi wa paa wanaitazama kabla ya kupanda ngazi. Kazini kwetu mtu amevaa koti tayari, anatazama simu, anasema "ngojeni dakika ishirini", anakaa tena. Dakika ishirini zikipita anapanda baskeli yake na kufika kwake mkavu.

Na hii ni nchi inayopata kama milimita 850 za mvua kwa mwaka, nyingi yake manyunyu. Pemba inapita 1,500. Huku mvua ikimkuta mtu njiani, ameroa suruali. Kwetu ikimkuta mtu na jamvi limejaa, imemuingilia kwenye ada za skuli za watoto.

Kwa wasioijua kazi yenyewe: karafuu ikishachumwa inachambuliwa, mara nyingi usiku, familia nzima imekaa chini, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku na karafuu huku. Asubuhi inatandazwa kwenye majamvi au sakafuni. Inataka siku kadhaa za jua la kweli, na kila jioni inaanuliwa. Ikikauka vizuri inakuwa nyekundu ya kahawia, ngumu, ukiivunja inalia. Ikinyeshewa kabla haijakauka, au ikirundikwa mbichi ndani kwa siku ya pili na ya tatu kwa kuiogopa mvua, inavunda, rangi inapauka, na ukifika kituoni kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, daraja limeshuka. Kazi ni ileile, gharama ya wachumaji ni ileile, pesa ni pungufu. Na msimu haungoji ukavu: mara nyingi unaendelea mpaka kwenye mvua za vuli, ambazo asubuhi zinakupa jua zuri na mchana zinakugeukia.

Dada yangu nikimpigia wakati wa msimu, mazungumzo yetu hayafiki mwisho. Katikati ya salamu nasikia, "Ngoja, ngoja, yaja!" Simu inawekwa chini bila kukatwa. Nasikia majamvi yakiburutwa, watoto wakiitana, turubali likikunjuliwa, halafu mvua juu ya bati inafunika kila kitu. Mimi niliye Utrecht naweza kusema mvua itaingia mtaa wangu saa ngapi na itatoka saa ngapi. Yeye ambaye mavuno yake yote yako nje hana wa kumwambia. Angepata nusu saa, karafuu yote ingekuwa ndani. Akipata dakika tano, inaingia nusu.

Wenzangu wa ughaibuni nikiwaambia haya wananijibu kwamba wazee wetu wanajua kusoma mawingu. Wanajua, tena sana. Ami yangu wa Kojani anatazama upepo na rangi ya maji upande wa kusi na kusema mambo yanayotimia. Lakini ami yuko baharini, upeo wote uko mbele yake. Mwanamke aliyeanika bondeni, kilima mbele na kilima nyuma, mikarafuu na minazi imemzunguka, anaona kipande kidogo cha mbingu juu ya uwanja wake. Ule ubaridi wa upepo ukimpiga usoni, matone yako mlango wa pili. Na elimu ya kaskazi na kusi, ya masika, mchoo na vuli, inakwambia mwezi unavyokwenda. Haikwambii kama saa nane leo itanyesha Mtambile au itapita Kengeja. Sipendi kuona sisi tunaoishi na rada mfukoni tukiutumia ujuzi wa wazee kuwa sababu ya walioko nyumbani kukosa kitu.

Sisemi kwamba nyumbani hakuna utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa utabiri wa kila siku, na inatoa angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa hali inapokuwa mbaya. Ukisikia "vipindi vya mvua katika baadhi ya maeneo ya visiwa vya Unguja na Pemba", hujadanganywa. Mvua itanyesha mahali. Ila utabiri unakisia kabla, na rada inaona sasa. Inatuma mawimbi angani, yanagonga matone na kurudi. Muda wa kurudi unaonyesha mvua iko umbali gani, na nguvu ya mwangwi inaonyesha ni nyingi kiasi gani. Mwenye kuanika anahitaji vyote viwili, asubuhi utabiri na mchana rada.

Kuna jambo linalowafanya watu wa nyumbani wasiziamini hizi ramani za simu, na wana haki. Programu nyingi zinapaka rangi juu ya kisiwa chetu na kuziita rada, kumbe ni makisio ya kompyuta au ya setilaiti. Setilaiti ya Meteosat ya Bahari ya Hindi haiko mbali na juu ya vichwa vyetu, na inaleta picha kila robo saa, lakini inachokiona ni mgongo wa wingu. Mvua zetu nyingi za pwani zinatoka kwenye mawingu mafupi yasiyopanda juu sana, na hizo ndizo zinazoiponyoka kirahisi. Mtu ameambiwa na simu kuwa kuko kweupe, huku anaroa. Akifanyiwa hivyo mara mbili, ramani haifungui tena.

Rada ya kweli ya TMA iliyo karibu nasi iko Dar es Salaam. Kwa Unguja mjini, kama kilomita 70, inafaa: mwale wa rada ulioinuliwa nusu digrii unafika hapo ukiwa chini ya kilomita moja kutoka ardhini. Mtu wa Fuoni anayetaka kuwahi mjini wakati wa masika kabla barabara ya Mwanakwerekwe haijajaa maji angeweza kufaidika nayo. Kwa Chake Chake hesabu inabadilika. Umbali ni karibu kilomita 180, dunia ni mviringo, na mwale uleule unapita juu ya Chake kama kilomita tatu na nusu. Mvua ya mawingu mafupi inanyesha chini yake bila kuguswa. Ndiyo maana sioni kwamba Pemba itahudumiwa vya kutosha kwa rada ya bara hata ikifanya kazi usiku na mchana.

Tunahitaji yetu, na si lazima iwe kubwa. Kisiwa kina urefu wa kama kilomita 67. Ziko rada ndogo zinazoona kilomita hamsini na zaidi kila upande. Moja kwenye kilima cha katikati ingekiona kisiwa chote na bahari yake ya karibu. Zina udhaifu, mvua nzito sana ikiwa karibu inaizuia rada kuona ya nyuma yake, na hilo lisemwe wazi tangu mwanzo. Usiahidiwe pia ule mchoro wa saa mbili wa Uholanzi. Mvua ya huku mara nyingi inatoka Bahari ya Kaskazini imejipanga na upepo, unaiona inavyokuja. Yetu inaweza kuzaliwa juu ya kichwa chako na kufa kabla ya saa kwisha. Nusu saa inatosha.

Wala rada isifanywe dawa ya bahari. Wanaosafiri Mkoani na Unguja wanauawa na upepo na mawimbi. MV Skagit ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, katika miezi ya kusi, na picha ya mvua pekee haimwambii nahodha bahari imechafuka kiasi gani. Hapo tahadhari za upepo na mawimbi ndizo za kusikilizwa.

Halafu si kila mtu ana simu ya kisasa na bando. Kwa hiyo ujumbe mfupi wa maneno, kwa Kiswahili, kwa jina la shehia, yaani eneo lililo chini ya sheha: "Mvua kubwa inatoka kusini, itafika Kengeja ndani ya nusu saa." Aupate sheha, apate na mwenye kipaza sauti cha msikitini. Watoto watakimbilia majamvi wenyewe.

Sisi Wapemba wa nje tunachanga kwa visima, misikiti na wagonjwa, na tuendelee. Nataka tukikutana tena hili liwe kwenye mazungumzo: tuwaandikie TMA na ZSTC kwa pamoja, kwani ZSTC ndiyo inayoinunua hiyo karafuu na inafaidika daraja likipanda, tuwaulize rada ndogo ya Pemba itagharimu nini na sehemu gani tunaweza kuibeba sisi.